Acha Uchafu Usubiri Jua: Umeme wa Jua kwenye Kituo cha Maji Machafu, Bukavu

Mvua kubwa ikishuka Kadutu usiku, kufikia asubuhi kila kilichotupwa kwenye mifereji kimekwisha fika ziwani: chupa, mifuko, makopo, na maji meusi ya fosi za vyoo zilizofurika. Mkondo wa Kivu unausukuma uchafu huo polepole hadi mlangoni mwa mto Ruzizi, na plastiki inarundikana mbele ya bwawa la Ruzizi I hadi wafanyakazi wanalazimika kuizoa ili mitambo ipate kuzunguka. Mitambo ikikabwa, kuranti inakatika mjini. Kuranti ikikatika, mashine za hewa za vituo vichache vinavyosafisha maji machafu zinasimama, na uchafu mwingine unateremka ziwani. Ndugu msomaji, mduara huu hutaweza kuukata wote. Lakini kuna mahali pamoja ambapo unaweza kuukata wewe mwenyewe, napo ni kwenye kituo chako.

Nasema "kituo chako" kwa sababu Bukavu haina mtandao wa mabomba unaokusanya maji ya vyoo vya mji mzima na kuyapeleka mahali pamoja. Kampala wana kituo cha Bugolobi, kinachoweza kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku na kutumia gesi ya tope lake kuzalisha umeme. Nairobi wana mabwawa ya Dandora kule Ruai, Bujumbura wana yale ya Buterere. Kwetu kila kiwanja kina shimo lake. Anayejenga kituo cha kweli ni hospitali, chuo, shule ya bweni, hoteli, au wakazi wa mtaa mpya waliokubaliana kuchanga. Kwa hiyo naandika kwa msimamizi wa hospitali, kwa mkuu wa shule, kwa mhandisi wa komini ya Ibanda, Kadutu au Bagira aliyepewa kazi hii bila kuelekezwa aanzie wapi.

Usianzie kwenye pano za jua. Najua ndizo zinazovutia wafadhili, na ndizo zinazopigwa picha siku ya uzinduzi. Anza kwa kuutazama mlima.

Wenzetu wa Ruai na Buterere wana ardhi tambarare na pana. Maji machafu yanatandazwa kwenye mabwawa makubwa, jua na upepo vinayasafisha kwa siku nyingi, na mota karibu haihitajiki. Bukavu hakuna ardhi ya namna hiyo. Ikipatikana, kesho yake imejengwa nyumba. Ndiyo maana vituo vyetu ni vidogo na vya kubanana, na kituo kidogo kinataka hewa ipulizwe kwa mashine. Hata hivyo tumepewa kitu ambacho wao hawana: mteremko. Maji yanashuka yenyewe toka chooni hadi kwenye tangi la kwanza, toka tangi hilo hadi kwenye chumba cha hewa, toka chumba cha hewa hadi kwenye tangi la kutuamisha tope, na kutoka hapo hadi kwenye kitanda cha changarawe na matete. Mchoro wa fundi ukiwa na pampu tatu kwenye kiwanja cha Bukavu, mrudishie. Mwambie aupime mteremko upya. Kila pampu utakayoifuta kwenye karatasi ni pano ambazo hutanunua, ni mota ambayo haitaungua, na ni usiku mmoja wa wasiwasi uliopungua. Hata tope linalopaswa kurudishwa kwenye chumba cha hewa linaweza kupandishwa na hewa ileile inayopulizwa, kwa bomba jembamba, bila pampu nyingine.

Mlima ukishafanya kazi yake, pima. Funga mita ya umeme kwenye kila mashine kwa muda wa wiki nzima, na uandike daftarini kila saa moja mashine imekula kiasi gani. Usikubali hesabu iliyonakiliwa kwenye kibandiko cha mota. Kibandiko kinasema mota inaweza kula nini, hakisemi inakula nini. Pima na maji pia: yanaingia mangapi asubuhi watu wakioga, mangapi mchana, mangapi jioni. Wiki hiyo moja itakufaa kuliko mkutano wowote na muuzaji.

Tuchukue mfano wa bweni au hospitali ndogo inayotoa mita za ujazo 30 kwa siku. Mashine ya hewa ya kilowati 1.5 inazunguka saa 14: hizo ni kilowati-saa 21. Baadhi ya vyoo viko chini ya kituo, kwa hiyo pampu moja ya kilowati 0.75 haikwepeki, saa 4 kwa siku: kilowati-saa 3. Kifaa cha kuua vijidudu kwenye maji yanayotoka, wati 100 mchana na usiku: 2.4. Taa na kisanduku cha kuongozea mitambo: 1.6. Jumla ni 28. Kwa Bukavu, yenye mawingu ya milimani, mimi huhesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku, na huchukulia kwamba robo ya umeme itapotea njiani kwa joto, vumbi, nyaya na inveta. Gawa 28 kwa 4, kisha kwa 0.75. Utapata kilowati 9.3 na kitu. Kwa pano za wati 550 hizo ni 17, nawe utachukua 18 ili zigawanyike katika safu mbili za tisa tisa. Zitataka nafasi ya mita za mraba karibu 47.

Ukitaka kuona maana ya hesabu hiyo kwa mazutu, jenereta ndogo inatoa takriban kilowati-saa 3 kwa lita moja. Kituo hicho kitakunywa zaidi ya lita 9 kila siku, karibu 280 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya leo pale Nyawera, kisha umwonyeshe mwenye mkoba.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike, maana hapa ndipo miradi mingi inapokufa. Wanaosafisha yale maji si mashine. Ni bakteria. Mashine kazi yake ni kuwapa pumzi. Pampu ya maji ya kunywa ikisimama usiku hakuna kinachoharibika, kesho itaendelea. Lakini bakteria hawa wakikosa hewa saa kadhaa wanaanza kudhoofika, wale wasiohitaji hewa wanachukua nafasi yao, na asubuhi unapokewa na harufu ya mayai viza. Kuwarudisha kunachukua siku, pengine wiki. Kwa hiyo swali la kwanza si "pano ngapi?" Swali ni "saa nane usiku nani atawapa hewa?"

Muuzaji atakujibu: betri kubwa. Mimi nasema jenga tangi la kungojea. Maji ya jioni na usiku, ambayo kwa mfano wetu ni kama mita za ujazo 12, yasiingie moja kwa moja kwenye chumba cha hewa. Yakae kwenye tangi la zege lenye kifuniko na bomba refu la kutoa harufu, juu kidogo ya kituo. Kuanzia saa mbili asubuhi, jua likipanda, mlinzi anafungua valvu kidogo kidogo na mlima unayashusha. Bakteria wanapata chakula chao wakati ule ule umeme ulipo mwingi. Usiku, kwa kuwa chakula kinachoingia ni kidogo, hawataki hewa nyingi: mashine inazunguka dakika 15, inapumzika dakika 30, basi. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni mizunguko ya saa 4 tu, kilowati-saa 6. Ongeza 2 za kifaa cha kuua vijidudu na taa, ongeza kidogo cha kupotea kwenye inveta, ni kama 9. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 11 inatosha, na utaitumia kama asilimia 80 tu. Ukichagua betri za risasi utahitaji 18, kwa kuwa hizo ukizishusha chini ya nusu kila siku unazifukia kabla ya wakati. Bila tangi, betri hiyo ya lithiamu ingebidi iwe kubwa kwa zaidi ya nusu. Zege linadumu miaka 40. Betri, ukiitunza vizuri, kumi. Zege fundi wa Bagira analijua. Lakini uchafu usingoje zaidi ya usiku mmoja. Ukipita hapo unaoza humo ndani, na unapoingia kwenye chumba cha hewa unawalemea bakteria.

Siku tatu za mawingu mfululizo zitakuja, hasa Novemba na Aprili. Usinunue betri za kuzishinda siku hizo. Acha waya wa SNEL, shirika la umeme, umefungwa kwenye inveta kama msaidizi, na jenereta ndogo kama msaidizi wa msaidizi.

Kuhusu mahali pa pano. Sisi tuko nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupitia karibu utosini, nusu ya mwaka likiegemea kaskazini na miezi mingine kusini. Mafundi waliosomea vitabu vya Ulaya watainamisha pano kupita kiasi. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, na sababu kubwa ni mvua ipate kuziosha. Kwa kituo cha maji machafu mimi hupendelea safu moja itazame mashariki na nyingine magharibi, kila moja ikiwa na mlango wake kwenye inveta. Unapoteza kidogo saa sita mchana, ila unapata hewa mapema asubuhi, wakati tangi la kungojea limejaa. Tena mvua zetu hupenda kuja alasiri, na asubuhi huwa nyeupe. Baridi yetu nayo ni neema: pano ikipata joto inapunguza nguvu, na Bukavu, iliyo mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, haichomi kama Uvira.

Pano hizo 18 ni paa, na paa linakusanya mvua. Mvua ya milimita 40 inamwaga kwenye mita za mraba 47 karibu lita 1,900, zote zikianguka kwenye mistari miwili myembamba ya udongo mwekundu chini ya kingo. Mnaoishi Funu mnajua mwisho wa habari hiyo. Korongo huanza na mfereji wa upana wa kidole. Weka mfereji wa bati chini ya pano, peleka maji kwenye pipa, na maji hayo hayo ndiyo mtakayooshea pano Julai, mavumbi yakija. Miguu ya fremu isichimbiwe kwenye udongo wa kujaza. Usiuchonge mlima kupata kiwanja bila ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitishia maji.

Radi. Hapa naomba usome polepole. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na huhitaji kuambiwa na mimi. Umekwisha ona redio na televisheni zilizokufa baada ya ngurumo moja. Si lazima radi ipige pano zenyewe. Ikipiga mti wa mvule wa jirani, au nguzo ya SNEL, nguvu inasafiri kwenye nyaya na kuichoma inveta. Weka parafudri, kifaa kinachomeza mshtuko wa umeme, upande wa pano, nyingine upande wa SNEL, nyingine kwenye waya wowote unaoingia toka nje, hata ule wa boya la kupimia kina cha maji kwenye tangi, ambao ndio watu wanausahau. Fremu zote, mashine ya hewa, mabomba ya chuma, sanduku la inveta, vyote viunganishwe na waya mmoja wa ardhi. Ardhi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja mbaya, kwa sababu radi itapita kati yake, na kati yake ndipo inveta ilipo. Zika fimbo tatu au nne za shaba zilizoungwa pamoja, pima, na usiridhike mpaka ushuke chini ya omu 10. Pima Agosti, udongo ukiwa mkavu. Ukipima Aprili udongo uliolowa utakudanganya. Kama kituo kiko kileleni peke yake, ongeza paratoneri, ile fimbo ndefu ya kupokea radi, nayo isimame mbali kidogo na pano.

Gesi ni adui mwingine wa inveta, na huyu hapigi ngurumo. Harufu ya mayai viza inayotoka kwenye maji machafu inakula shaba. Inageuza vidole vya nyaya kuwa vyeusi, na baada ya mwaka mmoja kadi za ndani ya inveta zinaanza kukohoa. Inveta na betri zikae kwenye chumba chao, upande upepo unakotoka, mbali na mdomo wa maji yanayoingia. Zisikae kamwe juu ya fosi. Ndani ya fosi kuna metani inayoshika moto kwa cheche, na kuna hewa inayoua mtu kwa pumzi mbili. Fundi akidondosha bisibisi kwenye tangi, bisibisi imekwenda. Mtu asiingie.

Kununua. Mizigo mingi inatufikia kupitia Kigali na mpaka wa Ruzizi, na njiani pano za wati 400 hubandikwa karatasi za 550. Nenda dukani na kipima-umeme chako, saa sita mchana, jua likiwa wazi. Pano ya kweli ya 550 ina uzito wa kilo 27 au 28. Nyaya zake zikiwa wazi inasoma volti karibu 50. Ukizigusanisha kupitia kipima-umeme inasoma ampea 13 hivi. Ikisoma 9 jua likiwaka, irudishe. Pano tisa zikifungwa mfululizo ni volti 450 za umeme wa moja kwa moja, na umeme wa namna hiyo ukishaanza kuruka hewani hauzimiki kirahisi. Dijonkteri (swichi za kukata umeme) za nyumbani hazifai hapo hata kama muuzaji anaapa. Dai zile zilizoandikwa kwa umeme wa moja kwa moja, zenye volti zinazozidi hizo zako. Na inveta iwe inaweza kubeba mshtuko wa mota inapoanza, mara tano au sita ya kawaida, la sivyo weka variateri inayoiamsha mota taratibu. Variateri ndiyo ninayoshauri: itakuwezesha pia kupunguza mwendo wa hewa wingu likipita, badala ya kuizima mashine kabisa.

Naja kwenye jambo la watu. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja kilichokuwa na pano nzuri kuliko zote nilizoziona mjini, na kilikuwa kinanuka hadi barabarani. Nilikesha hapo. Saa nne usiku mashine ya hewa ilizimika. Nilifuata waya kwa tochi, ukaniongoza hadi kwenye ofisi ya utawala: friji mbili, televisheni, na pasi. Hakuna aliyeiba. Kuranti ya SNEL ilikuwa imekosekana, mtu akaona betri ina nguvu, akaunga. Kila aliyeunga alikuwa na sababu nzuri, na bakteria hawana wa kuwasemea. Kwa hiyo tenga umeme wa kituo tangu siku ya kwanza, chumba kifungwe, ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo.

Lakini usiwanyime majirani. Weka taa moja yenye nguvu nje ya lango, na ubao wa kuchaji simu unaofanya kazi mchana, wakati umeme unazidi. Wekea ubao huo dijonkteri yake. Mama anayeuza sambaza chini ya taa hiyo hadi saa tatu usiku ataona nani anapanda ukuta kabla ya mlinzi wako kumwona. Boliti za pano ziwe zile zinazovunjika kichwa zikishakazwa, na uandike jina la kituo nyuma ya kila pano kwa rangi isiyofutika.

Mlinzi wa kituo, awe mwanamke au mwanamume, afundishwe kipimo kimoja kabla ya vingine vyote. Achote lita moja kutoka chumba cha hewa, aitie kwenye chupa ya kioo iliyonyooka, aiweke mezani nusu saa bila kuigusa. Tope zuri lina rangi ya kahawia kama udongo wa shambani, linanuka ardhi iliyolowa, linashuka pamoja kama blanketi na kuacha maji meupe juu. Tope likiwa jeusi, hewa ilikosekana. Likipanda juu baada ya kushuka, limekaa mno kwenye tangi la kutuamisha. Likielea chembe chembe kama ufuta, chumba kimebanwa chakula au kimeshiba kupita kiasi. Aandike kila asubuhi daftarini: rangi, urefu wa tope kwenye chupa, asilimia ya betri saa kumi na mbili. Mistari mitatu tu. Daftari hilo litakuambia vichujio vya hewa vimeziba, au pano zimechafuka, wiki mbili kabla ya pua yako.

Usipokee kazi ya fundi mwezi wa Julai. Julai kila mfumo unafanya kazi. Mwambie malipo ya mwisho ni Novemba. Mwezi huo zima kuranti ya SNEL, funga jenereta kwa kufuli, na uache kituo kijitegemee siku tatu usiku na mchana, mvua za alasiri zinyeshe, watu wa bweni wakiwamo wote; mawingu yakiziba jua kutwa nzima, ahirisha jaribio. Usiku wa pili kalale pale. Saa nane utasikia mashine ikiamka yenyewe, ikivuma robo saa, ikinyamaza. Asubuhi ya nne, kabla ya kutia sahihi, mwombe mlinzi alete ile chupa, muitazame pamoja na fundi kwenye mwanga wa dirisha.